Kesi ya Mlango wa Azimia

Safari yenyewe ya kwenda Azimia haikuwa na kisa, kwa hiyo naiacha. Nilikwenda kwa mwaliko. Kazi yangu ni kukagua majengo, na Baraza la nchi hiyo liliniita nikaone Kituo chao cha Utafiti na Mafunzo ya Tabianchi. Walitaka kitunukiwe Nishani ya Jengo Lisiloidhuru Dunia. Nishani hiyo hutolewa na chama chetu cha wakaguzi, na haitolewi mpaka mmoja wetu alione jengo kwa macho yake.

Jua la Azimia ni kali kupita kiasi. Kusema hivyo hadharani, hata hivyo, ni kosa. Kwa sheria ya nchi ile, joto huwapo pale tu Baraza linapolitangaza, na mwaka ule Baraza lilikuwa halijapata nafasi ya kulijadili. Kwa hiyo watu wakikutana njiani, mashati yamewaganda mgongoni, husema, "Leo kumechangamka." Mtu wa heshima akichuruzika jasho katikati ya mazungumzo husema ametoka kunawa uso.

Nisidhaniwe kwamba nawadharau. Ni watu wanaoipenda nchi yao na wanaoijali hali ya hewa kuliko majirani zao wote. Nilishuhudia sherehe yao ya kupanda mti. Shimo limejengewa ukingo wa saruji lisibomoke, kwa kuwa ni hilo hilo kila mwaka. Spika wa Baraza aliuingiza mche, akapigwa picha, akapigiwa makofi. Wageni walipotawanyika, mche ulitolewa taratibu ukarudishwa stoo, usije ukaunguzwa na jua. Nilipouliza, niliambiwa kwa fahari kwamba hakuna mche duniani uliowahi kupandwa mara nyingi kama ule.

Mwenyeji wangu alikuwa Mkurugenzi wa Kituo, Bwana Kiangi, mtu mrefu, mpole, mwenye leso ambayo haikuwahi kukauka. Ndiye aliyenipeleka kuliona jengo.

Nami nitasema ukweli: sijaona jengo zuri kama lile. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima, hivi kwamba joto la mchana linachoka kabla ya kufika ndani. Paa limetoka nje sana na kuzifunika kuta. Upande wa magharibi, jua linakopiga kwa hasira, madirisha ni membamba na yamewekwa juu. Minara miwili ya kunasa upepo imesimama, mmoja kila mwisho, na katikati, kama michoro ilivyoonyesha, kuna ua, na chini ya ua kuna tangi kubwa la kuhifadhi maji ya mvua. Aliyelichora alijua anachokifanya. Niliuliza ni nani, nikaambiwa alifariki kabla ya uzinduzi, na kwamba michoro yake ilikuwa na kasoro moja tu ambayo Baraza lilishairekebisha.

"Kasoro gani?" nikauliza.

"Alichora viti," akasema Kiangi.

Tulikuwa tumesimama mbele ya mlango. Juu yake palikuwa na ubao wa tarakimu zinazowaka. Ulisomeka: Umeme uliotumika, sifuri. Maji, sifuri. Taka, sifuri. Watu, sifuri.

"Haya, tuingie," nikasema.

Kiangi alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mgeni wetu, humu hajaingia mtu tangu tulipozindua. Unafikiri hizo sifuri zimekuja zenyewe?"

"Sasa utafiti unafanyika wapi? Na mafunzo?"

Akanionyesha nyuma ya jengo. Palikuwa na banda la bati tupu, juu bati, kando bati, lisilo na dari wala kivuli. Mlio wa bati likitanuka kwa jua ulisikika mpaka pale tulipokuwa.

"Binadamu," akanieleza kwa utaratibu, "anatoa joto. Anatoa unyevu. Anapumua, anakunywa, anakwenda haja, anaacha makombo. Jengo rafiki wa mazingira halina adui mkubwa kuliko yeye. Sisi tumemweka adui nje."

Baraza lilikuwa likikutana wiki ile kuujadili mlango wenyewe, nikaalikwa kusikiliza. Wajumbe walikuwa wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilitaka mlango ung'olewe na pajengwe ukuta, kwa hoja kwamba mlango unachochea tamaa ya kuingia. Kambi ya pili iliona kwamba jengo lisilo na mlango litaonekana halikukamilika, na nchi itachekwa. Mjumbe mmoja mzee alizungumza kwa machozi juu ya heshima ya mlango katika mila za Waazimia. Mwishowe walipatana: mlango ubaki, ila uandikwe kisheria kuwa ni ukuta wenye kitasa. Nikaona wanapeana mikono, na wote wameridhika. Hakuna aliyetaja joto, ingawa walijipepea kwa karatasi za ajenda mpaka ukumbi mzima ukasikika kama njiwa wanaruka.

Kesho yake nilikwenda kwenye banda la bati.

Hapo ndipo nilipomkuta Mwalimu Namsifu. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, miwani imefungwa uzi kwenye sikio moja. Alikuwa akifundisha vijana wa kike na wa kiume jinsi ya kusoma vipimajoto na kuweka rekodi za mvua. Wanafunzi walikaa sakafuni wakiwa wamevua viatu na kuvikalia, kwa kuwa saruji iliunguza.

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Samahani, sina kiti cha kukupa. Ukiegemea bati utababuka."

"Mnawezaje kusoma humu?"

"Tunasoma joto, na joto lipo," akasema, kisha akajikosoa haraka, kwa sababu nilikuwa mgeni na hakunijua. "Yaani, kumechangamka."

Nikamwambia kwangu hana haja ya kuchunga maneno. Akacheka kidogo. Akaniambia ameomba ruhusa ya kuingiza wanafunzi ndani ya Kituo kila mwaka, na kila mwaka hujibiwa kwa barua nzuri sana, yenye kumpongeza kwa ari yake.

Siku iliyofuata ndiyo siku yenyewe. Asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ilipokaribia adhuhuri ndege walikuwa wameanguka barabarani, wazima lakini midomo wazi, hawana nguvu ya kuruka. Nilikuwa nje ya jengo na Kiangi, nikipima kivuli cha paa, tuliposikia kelele kutoka bandani.

Msichana mmoja, jina lake Mbonea, alikuwa ameanguka akiwa anasoma kipimajoto. Nilipofika ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria iliyoepuliwa, na macho yalikuwa yamegeuka. Mwalimu Namsifu alikuwa amempakata, anamwita jina. Wenzake wawili walikuwa wameketi wameinamisha vichwa, wanatapika.

"Mkurugenzi," Namsifu akasema bila kupaza sauti, "nipe ufunguo."

"Mwalimu, unajua siwezi. Hilo ni la Baraza."

"Basi liulize Baraza."

Kiangi akapangusa uso. "Baraza limeahirishwa leo."

"Kwa nini?"

Akaikunja leso. "Kwa kuwa kumechangamka mno."

Namsifu alimtazama. Kisha akanikabidhi Mbonea mikononi, akatoka nje. Kando ya banda kulikuwa na chuma kirefu kilichobeba chombo cha kupimia mvua, ambacho hakikuwa na kazi kwa muda mrefu. Akaking'oa. Akaenda nacho mpaka mlangoni pa Kituo, sisi tukimfuata, mimi na mtoto mikononi, Kiangi akisema, "Mwalimu, huo ni ukuta! Kisheria huo ni ukuta!" Akachomeka chuma kwenye kitasa, akakiegemea kwa uzito wake wote. Kitasa kikatoka na kipande cha mbao. Ukuta ukafunguka.

Nimekagua majengo maisha yangu yote, lakini sikumbuki lingine lililonipokea vile. Hewa ya ndani ilitushukia usoni kama kitambaa kilicholowekwa maji. Minara ilikuwa ikivuta upepo kutoka juu, ambako kumbe ulikuwepo, na kuupitisha juu ya tangi na kuutoa uani. Tulimlaza Mbonea sakafuni, na sakafu ilikuwa ya baridi. Tulifungua bomba la uani, maji yakatoka safi, hayajawahi kuguswa, tukamlowesha kichwa na kwapa na miguu, Namsifu akimpepea kwa kanga na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia. Ilichukua muda. Mimi nilishakata tamaa, sikusema tu. Halafu msichana akakohoa, akafumbua macho, akauliza kama amekivunja kipimajoto.

"Hukukivunja, mwanangu," Namsifu akasema, akaendelea kumpepea.

Habari ilienea. Kwanza walikuja wazazi, kisha majirani. Alikuja mama mwenye kichanga cha siku chache, wakaja wapagazi wa soko, akaja fundi cherehani na cherehani yake. Kikongwe mmoja alibebwa na wajukuu juu ya kiti. Huyo alikuwa mama yake Kiangi.

Kiangi mwenyewe alibaki nje juani, amekodolea macho ubao. Sifuri ya watu ilikuwa imeondoka, na namba ilipanda kila mtu alipovuka kizingiti. Maji nayo yalikuwa yakihesabiwa. Alilia kimyakimya, na sikumcheka, kwa sababu alikuwa amelilinda jengo lile kwa moyo mmoja.

"Kiangi," mama yake akaita kutoka ndani. "Ingia, baba. Unaungua."

"Siwezi, mama. Niko kazini."

"Basi njoo unikamate mimi."

Akafikiri. Nadhani alikuwa akitafuta kifungu cha sheria. Hatimaye aliingia, akatangaza kwa sauti kwamba ameingia kuwalinda wavunjaji wa sheria wasitoroke, kisha akaketi sakafuni karibu na mama yake na kuegemeza kichwa ukutani.

Askari walifika jioni. Walikuwa watatu. Walimwambia Namsifu yuko chini ya ulinzi, wakavua kofia, na wakaomba kwanza maji ya kunywa.

Mahakama ya Azimia ni jengo la vioo, zawadi ya nchi fulani yenye baridi. Kesi ilisikilizwa humo asubuhi moja tu, mbele ya Hakimu Mrutu, mzee mwenye sura kavu na joho zito jeusi. Shtaka lilikuwa kuharibu ukuta wa taifa na kuchafua sifuri. Mwendesha mashtaka, kijana hodari mwenye sauti ya kengele, alisoma nusu ukurasa, akanyamaza, akashika meza. Hakimu mwenyewe alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. Akauliza kama haingekuwa vyema mahakama ikatembelee eneo la tukio. Pande zote mbili zilikubali kwa kasi ambayo sijaiona mahakamani popote.

Mahakama ikahamia Kituoni, na tangu hapo haikutoka.

Siku ya kwanza mwendesha mashtaka aliomba watu wote waliokuwa ndani waondolewe ili eneo lipimwe. Hakimu Mrutu alifungua kitabu chake, akasoma, akavua joho, akasoma tena. Sheria ya Azimia, akasema, inakataza kielelezo chochote kuhamishwa kutoka eneo la tukio kabla ya hukumu. Wanafunzi waliingizwa kwa kosa linalosikilizwa. Kwa hiyo wanafunzi ni vielelezo. Wazazi ni vielelezo. Kichanga kile nacho, pamoja na kitanda chake.

"Na mshtakiwa?" akauliza kijana.

"Mshtakiwa ana dhamana, kwa sharti asitoke nje ya mji."

Namsifu aliinamisha kichwa. Baadaye alitueleza kwa nini, mimi na Hakimu. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa ameahidi kwenda kumkanda.

Nami niliitwa kutoa ushahidi, nikiwa mtaalamu na pia, kama kijana alivyokumbusha mahakama, mtu aliyekutwa na kielelezo mikononi.

"Bwana Mkaguzi, kabla ya tukio jengo hili lilikuwa linatumia maji kiasi gani?"

"Hakuna."

"Na sasa?"

"Wanakunywa."

"Kwa hiyo limeharibika?"

Nilijua swali lile lilibeba nishani ndani yake, na kwamba Kiangi alikuwa akinitazama, na mama yake pia. "Mheshimiwa Hakimu," nikasema, "aliyelichora alihesabu watu. Ukubwa wa tangi, urefu wa minara, upana wa ua, vyote vimekadiriwa kwa pumzi za watu mia kadhaa. Nimepima tangu walipoingia. Linafanya kazi sawasawa. Kabla ya hapo sikuwa na cha kupima."

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka akaketi. Wakati huo, kwenye kona ya ua, Namsifu alikuwa akiendelea kufundisha, maana hakuna sheria inayomkataza mshtakiwa kuzungumza na vielelezo. Fundi cherehani alikuwa ameanza kushona viti vya kitambaa. Hata Baraza lilihamia chumba cha juu, likisema linafuatilia mwenendo wa kesi.

Basi ikawa hivyo kwa wiki kadhaa, hadi Baraza lilipoamka. Sijui nani aliwaamsha. Nadhani ni ile aibu ya ubao, kwa kuwa wageni kutoka nje walikuwa wakitarajiwa, na namba zilikuwa zikiwaka hadharani. Wajumbe walikaa faragha, wakatoka na uamuzi wa busara kwa mtazamo wao: hawatamfunga Namsifu, wala hawatamlaumu. Watayafuta mashtaka.

Mwendesha mashtaka alisimama akiwa amevaa koti lake tena. "Mheshimiwa, Jamhuri haina nia ya kuendelea. Tunaomba mshtakiwa aachiwe huru, vielelezo virudishwe vilikotoka, na eneo lifungwe kwa ajili ya kurejeshwa katika hali yake ya sifuri."

Watu walianza kukusanya vitu vyao polepole. Mama wa kichanga alikunja kitanda. Nje, bati la banda lililia. Kiangi alikuwa amesimama mlangoni na kitasa kipya mkononi, alichokabidhiwa asubuhi ile, na hakukitazama.

Hakimu Mrutu akamgeukia Namsifu. Niliona kwamba hakufurahi. "Mwalimu, umesikia. Upo huru. Unaweza kwenda kwa binti yako leo hii. Una la kusema kabla sijaandika?"

Namsifu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Akatazama upande wa mpaka, ingawa kutoka pale mpaka hauonekani. Akamtazama Mbonea, aliyekuwa ameshaanza kuvaa viatu.

"Naikataa, Mheshimiwa."

"Unakataa nini?"

"Huo uhuru. Nimeshtakiwa mbele ya watu kwamba nimeharibu. Jina langu limechafuka. Sheria ya Azimia inampa mshtakiwa haki ya kudai kesi iendelee mpaka ajitetee. Nataka kujitetea."

Mwendesha mashtaka aliruka. "Mheshimiwa, anaachiwa! Anajitetea dhidi ya nini?"

"Kaa chini," akasema Hakimu, tayari akiwa na kitabu mkononi. Akakipekua. Alipopata ukurasa aliutazama kwa muda mrefu, na uso wake mkavu ukalainika kidogo mdomoni. "Haki hiyo ipo. Lakini Mwalimu, unaelewa? Kesi ikiendelea, sharti la dhamana linaendelea. Hutatoka mjini."

"Naelewa."

"Na binti yako?"

"Ana mama mkwe," akasema. "Nimemtumia salamu."

"Una mashahidi?"

"Ninao, Mheshimiwa."

"Wangapi?"

Namsifu akaangaza macho ukumbini, kuanzia kwa vijana sakafuni, wapagazi, askari watatu, hadi wajumbe wa Baraza waliokuwa wakichungulia kutoka juu. "Mji mzima," akasema. "Na wa vijiji vya jirani, wakifika."

Mahali pale palizuka mnong'ono, kisha mtu akacheka, kisha wengi. Hakimu Mrutu aligonga meza. Akamwuliza Kiangi, aliyekuwa karibu, kama jengo linaweza kubeba mashahidi hao wote. Kiangi alinigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akatia kitasa mfukoni, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Linaweza, Mheshimiwa. Tukileta viti."

"Basi shahidi wa kwanza."

Wajukuu walikibeba kiti cha mama yake Kiangi na kukiweka mbele. Kikongwe alijitengeneza, akafunga kanga vizuri, akatazama huku na huku. Kwenye ubao namba zilizidi kupanda, kwa kuwa habari ilikuwa imeshatoka nje na watu walikuwa wakiingia.

"Nianzie wapi, baba?" akauliza.

Hakimu Mrutu alichovya kalamu, akafungua ukurasa mpya, akaegemea ukuta wa udongo. "Anzia ulipozaliwa, mama," akasema. "Wala usiruke kitu."